Ratiba Iliyofuata Maji

Ta! Sauti ndogo, kama ukucha ukigonga kioo: bonge la sukari likipasuka chini ya chai ya moto. Ndiyo iliyonijulisha kila asubuhi kwamba Tomke Eilers amefika kazini. Alimimina chai kabla hajavua koti, akaisikiliza sukari, kisha akawasha kompyuta. Mimi, karani wa shule yetu ya kisiwa cha Meeroog, nilikaa meza ya pili kwa miaka kumi na tisa.

Tomke alifundisha hesabu, na ratiba ya shule aliipanga yeye. Watoto arobaini na mmoja, walimu sita: mtu wa bara atadhani ni kazi ya nusu saa.

Mwaka ule watoto wanne walikuwa darasa la tisa, wakijiandaa kuingia la kumi. Mwalimu wao wa fizikia, Gerriet, alifundisha bara, na kwetu alikuja kila Jumanne na Alhamisi. Lakini mkondo wetu una kina kifupi. Feri hupita maji yakijaa tu, na maji hayajui Jumanne. Kuna wiki Gerriet alifika kabla ya kengele, na kuna wiki alifika saa saba mchana, akakuta watoto wanavaa makoti waende nyumbani. Mwaka ulipokaribia kuisha, theluthi ya vipindi vyake ilikuwa imepotea.

Ndipo ikaja barua ya ofisi ya elimu. Mpaka Ijumaa saa sita mchana tupeleke ratiba mpya, yenye uhakika wa vipindi tisa vya fizikia katika kila kumi. Tukishindwa, darasa la kumi lifungwe, na wale wanne wahamie bweni la bara.

Tomke aliisoma amesimama. Alipokuwa na miaka kumi na mitano, yeye mwenyewe alipelekwa bweni lile. Aliwahi kuniambia jambo moja tu kuhusu miaka hiyo: kwamba dirisha lake lilitazama ukuta.

Jumatatu alijaribu, na Jumanne akajaribu tena. Alihamisha Kijerumani, akabana michezo, akampokonya mwalimu mkuu saa yake ya mapumziko. Kila alipobonyeza, programu ya ratiba ilijibu neno lile lile jekundu: haiwezekani.

Jumatano akaingia Menno, nahodha wa feri, na kreti ya barua begani.

"Moin, akina mama. Mbona kimya hivi? Nani kafa?"

"Hajafa mtu," Tomke akasema. "Feri yako ndiyo inatumaliza."

"Feri yangu? Miaka ishirini na sita sijachelewa hata siku moja. Wewe ndiye unayemwita mwalimu wakati hakuna maji."

"Jumanne ni Jumanne, Menno."

"Haya. Nywele huwa unakata lini?"

"Nini?"

"Nywele, Tomke. Ukienda kwa msusi bara, huenda Jumanne?"

"Naenda maji yakiniruhusu. Natazama kalenda."

"Na meno?"

"Hivyo hivyo. Unataka nini, wewe?"

"Nywele zinafuata maji, meno yanafuata maji. Fizikia peke yake ndiyo inayotaka kuvuka kwa miguu?"

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Tomke hakucheka. Aliigeukia kalenda ya maji iliyoning'inia juu ya birika, ile ile iliyo katika kila jiko la kisiwa hiki, ambayo bila hiyo hatualiki mgeni wala hatuagizi mkate.

"Miaka yote hii," akasema, "nimewapangia watoto wa kisiwani ratiba ya watu wa bara."

Akaivua kalenda msumarini.

Programu ilikuwa imepewa siku tano, zile zile, kila wiki. Sasa Tomke aliipa siku zote za shule za mwaka mzima, moja moja, kila moja na saa yake ya maji kujaa. Mimi nilisoma, yeye akaandika. Maji hurudia saa zake baada ya siku kumi na tano hivi, na katika hizo kuna chache ambazo feri inaweza kumleta mtu kabla ya kengele na kumrudisha jioni. Hapo ndipo alipoirundika fizikia, vipindi viwili au vitatu kwa siku. Masomo mengine yakasogea, yakajaza nafasi iliyobaki.

Alhamisi alimpigia mkuu wa shule ya bara.

"Unataka nimhamishie mwalimu wangu vipindi kwa sababu ya mwezi wa angani?" sauti ikauliza.

"Ndiyo, mwezi. Hata kwako anapoteza saa, anashinda gatini akingoja kuvushwa."

Akaguna: "Nitumie nione." Jioni alikubali.

Ijumaa saa nne ratiba ikaenda. Saa tano na nusu simu ikalia. Alikuwa Bi Folkerts wa ofisi ya elimu, mtu asiyeamini jumla aliyojumlishiwa.

"Bi Eilers, ratiba yako haina wiki."

"Wiki zimo. Ila hazifanani."

"Nimeona. Nimehesabu kwa mkono, mara mbili. Vipindi mia moja thelathini na moja kati ya mia moja thelathini na sita vina uhakika."

"Na mimi nilipata hivyo hivyo."

"Basi darasa linabaki. Mwambieni huyo mwalimu asiugue mafua maji yakijaa."

Dirishani nilimpungia mikono Menno, aliyekuwa akingoja nje. Alikimbia hadi feri yake na kupiga honi mara tatu, jambo lililokatazwa kabisa, na mbwa wote wa Meeroog wakamjibu.

Tomke akakaa. Akamimina kikombe cha tatu, sukari ikapasuka, akanywa polepole mpaka chini. Kisha akaweka kijiko ndani ya kikombe, kama tufanyavyo tukiwa tumetosheka.

Uwanjani wale wanne walikuwa wakirushiana kofia ya mmoja wao. Aliwatazama mpaka kengele ilipolia.

"Watalala kwao," akasema, na kama nisingekuwa meza ya pili, nisingesikia.