Nilidhani Kaulizia Maji

Hili jambo sipendi kulisimulia, na mkiniona nacheka katikati jueni nacheka kwa aibu, maana pale Nyamwage mpaka leo nikipita watoto wananiita Tunayo, na jina nimelikubali kwa sababu nimejitafutia mwenyewe.

Dereva mmoja wa malori ya Lindi, mteja wangu pale kibandani ninapouza maji na soda, alinirushia kwenye simu albamu nzima ya mzee mmoja mweusi wa Marekani anayepiga gitaa la bluzi. Mimi na bluzi wapi na wapi, nimekulia singeli na taarabu za harusini. Lakini yule mzee, jamani. Hana haraka. Anasema neno, ananyamaza, halafu gitaa linamalizia lile lililomshinda kulitamka, anavuta waya mmoja tu mpaka unahisi kuna mtu analia chumba cha pili na hataki ujue. Kiingereza changu ni cha kuuzia maji, sikujua anaomboleza nini, ila wimbo wa nne ulikuwa unanitoa machozi kila nikiuweka, na kila siku nauweka (ndiyo wehu wenyewe huo, kitu kinakuliza na wewe unakifuata).

Siku hiyo mchana wateja hakuna, nimechomeka hedifoni masikio yote mawili, macho yamelowa, kichwa kinakwenda taratibu na gitaa, mara Bi Somoe, jirani yetu, akasimama mbele ya kibanda. Nikaona midomo inacheza. Nikadhani kaulizia maji, nikamjibu, "Tunayo."

Kumbe mama wa watu kaniona na machozi, akasema, "Makiwa." Na huku kwetu mtu akikupa makiwa ya msiba, jibu lake ni hilohilo, tunayo. Akaniuliza tena, "Ni mzee?" Mimi sisikii kitu, kichwa kinafuata gitaa, juu chini, juu chini. Akashika mdomo, akaondoka hata maji hajachukua.

Baba yangu wakati huo alikuwa bondeni, juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, analinda mpunga usiliwe na ndege, na kule mtandao wa simu haufiki. Alikwenda na kikohozi kibaya. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa.

Bi Somoe akapiga simu Kibiti kwa shangazi yangu Mwanaidi, dada yake baba, tumbo moja. Hapa ndipo pabaya. Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu bibi yangu alipofariki, kwa sababu baba hakumsubiri dada yake, mama yao akazikwa, shangazi akafika akakuta udongo umeshamwagiwa maji. Akasema, "Mdogo wangu, umeninyima uso wa mama yangu," akageuza palepale, na nyumbani kwetu hakukanyaga tena.

Sasa mimi nipo kibandani na gitaa langu, wakaja wanaume wawili wa mtaani wakanishika mikono. Nikawauliza kuna nini, wakaniambia, "Jikaze, Shomari, kazi ya Mungu haina makosa." Nafika nyumbani nakuta majamvi uani, wanawake wanalia, "Mzee wetu, mzee wetu." Nikaamini! Nikaanguka chini nikalia kwa sauti, nikamlilia baba kwa habari niliyoizusha mimi mwenyewe, na kila aliyekuja kunipa makiwa nikamwitikia tunayo, safari hii kwa moyo wote.

Shangazi akafika na pikipiki, amekumbatia bafta nyeupe ya sanda, hata viatu hana. Swali lake la kwanza, "Mmeshazika?" Wakamwambia bado, maiti inafuatwa bondeni. Akakaa chini katikati ya watu, akaiweka ile sanda mapajani, akasema, "Mdogo wangu, nisamehe. Kiburi changu hiki. Nimekununia mpaka umekufa."

Hakumaliza. Baba akaingia anakokota baiskeli, kambale wananing'inia kwenye usukani, anakohoa, akauliza, "Kafa nani?"

Bi Somoe akaanza kujitetea, "Mimi nimempa makiwa, kaitika tunayo, nimemuuliza ni mzee, kakubali kwa kichwa!" Nikasema nilidhani kaulizia maji. Wakaniuliza machozi yalikuwa ya nini, nikasema ya Mmarekani mmoja, mpiga gitaa. Kuna mtu akacheka nyuma, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Shangazi hakucheka. Alimtazama baba, akanitazama mimi, akasimama. "Mmenitega," akasema. "Mmenifanyia matanga ya uongo ili nipige magoti mbele ya watu." Baba akamwita, "Dada." Alimwita tena. Shangazi akapanda pikipiki ileile, na sanda akaiacha jamvini.

Watu walipoondoka (wengine na majamvi yao, bila kuniaga), baba akakaa uani akasema, "Hebu nimsikie huyo mtu aliyekuliza." Nikamwekea wimbo wa nne, simu mkononi, bila hedifoni. Akausikiliza wote. Kisha akasema, "Huyu kachelewa maziko ya mtu." Kiingereza hajui hata salamu.

Kesho yake alikwenda Kibiti, mlango haukufunguliwa. Alikwenda tena, na tena. Mimi napiga simu, inaita mpaka inakatika, na roho inaniuma, kwa sababu dada yake alikuwa amerudi, alikuwa amekaa pale chini amerudi, mimi ndiye niliyemfukuza kwa kutikisa kichwa.

Bluzi bado nasikiliza, siwezi kuwadanganya, lakini hedifoni navaa sikio moja tu, la pili nimewaachia watu, na mtu akinisemesha namwomba arudie.

Ile sanda baba kaiweka juu ya kabati. Nilitaka kuirudisha Kibiti, akanikataza.

"Iache," akasema. "Dada kaninunulia. Na siku hiyo ikifika, Shomari, mumsubiri."