Ski za Kumshusha Vijo

Mwalimu wa ski, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, akifa katika bonde la Badia, kwenye milima ya Italia, huzikwa mara mbili. Mara ya kwanza ni makaburini, kama kila mtu. Mara ya pili ni mwezi wa Machi, msimu ukielekea ukingoni: wenzake hupanda hadi juu ya mteremko aliofundishia, wakashuka kwa mstari mmoja, wote ndani ya alama za yule wa mbele. Wa mwisho hubeba ski za marehemu begani. Hakuna kupita mwenzio, hakuna kuanguka. Wa mbele ni ndugu wa damu, na akianguka huyo, watu husema marehemu bado yuko juu.

Vijo alifariki Oktoba, zizini, akikamua. Hakuoa, hakuzaa. Ndugu aliyebaki alikuwa dada yake, Renza, mwenye miaka sitini na kitu na chuma ndani ya goti la kushoto. Naye alikuwa mwalimu, mpaka goti lilipomtoa kazini. Tangu hapo alikuwa akioka mikate ya mchicha katika mkahawa ulio chini ya lifti inayopandisha watu mlimani, akiwatazama wengine wakishuka.

Siku chache kabla ya mstari wa Vijo, nilikuwa dukani kwa Tone, fundi wa ski, nikisubiri zangu zinolewe. Renza akaingia na ski za kaka yake begani, mashavu mekundu kwa baridi.

"Tone, nipakie nta tu. Makali yapo. Nimetoka kushuka nazo sasa hivi, zinakata kama wembe."

Tone akaweka tupa chini. "Umeshuka nazo? Na vifungo vya buti je?"

"Vifungo vimefanya nini? Mimi na Vijo tulirithi mguu wa baba. Buti imeingia bila kubishana."

Tone akainama, akasoma namba kwenye kifungo, akatikisa kichwa. "Hivi vimekazwa kwa mwanaume wa kilo tisini na tano aliyekuwa akishuka kama ng'ombe aliyeona mlango wazi. Ungeanguka, buti isingechomoka. Lingechomoka goti."

"Sikuanguka."

"Asubuhi, mashine imetoka kusawazisha mteremko, theluji imekaza? Hata sanamu ya Mtakatifu Leonardo ingeshuka salama. Misa ya kumwombea Vijo Jumapili inaisha saa ngapi?"

Wote tulijua. Mstari ungeanza baada ya misa, mchana, na mchana wa Machi theluji huwa uji.

Tone akachukua bisibisi, akalegeza vifungo kwa uzito wa Renza na umri wake. "Nenda tena saa sita. Ukirudi hujalowa, nitazipaka nta mwenyewe na sitasema neno."

Alirudi saa saba na theluji ndani ya kola. Ski za Vijo zilikuwa nyembamba kiunoni, pale buti inapokaa, na ngumu mwili mzima, zimetengenezwa kwa kona fupi juu ya theluji iliyokauka kama saruji. Kwenye uji zilizama na kushika. Moja ilimng'ang'ania mguu, akaenda chini kifudifudi, na kifungo kikaachia.

"Kimeachia?" Tone akauliza.

"Kimeachia." Akakaa kwenye benchi. Akakung'uta theluji kolani, kisha akasema, taratibu, "Nilitaka ashuke na zake. Si begani mwa mtu kama kuni."

Tone hakumfariji. Alikwenda ukutani akashusha jozi tatu. Ile pana, ya vijana wa theluji laini kama unga, akairudisha mwenyewe: inaelea vizuri, alisema, lakini sehemu ya juu ya mteremko bado itakuwa barafu, na ski pana kwenye barafu husimamishwa ukingoni kwa nguvu za goti. Ile nyembamba ilikuwa ndugu ya zile za Vijo, ambazo Renza alikuwa ameshazijaribu. Ikabaki ya katikati. Kiuno milimita sabini na nane, ncha laini inayokubali kuingia kwenye kona bila kulazimishwa, bati jembamba la chuma ndani ili isitetemeke, urefu wa kufika puani.

Renza akaigusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayeonja maziwa asiyoyaamini. "Hii ni ya wageni. Ya daktari wa Milano anayekuja wiki moja kwa mwaka."

"Daktari wa Milano ana magoti mawili."

"Wewe mzee mbaya sana."

"Mbaya, ndiyo. Simama, nikupime."

Alisimama. Tone akapiga magoti mbele yake na kuanza kurekebisha vifungo. Bila kuinua uso akasema, "Na zile za Vijo nitazibeba mimi. Sikuwa mwalimu, lakini nilizinoa tangu zilipokuwa mpya. Kuni sitakuwa nimebeba."

Renza akamwekea mkono begani, labda kwa shukrani, labda asianguke.

Jumapili ile jua lilitoka mapema kuliko tulivyoomba. Tulisimama chini, tumevua kofia. Juu, Renza alianza kwa kona ndefu, ndefu kuliko zile alizofundisha maisha yake yote, akiziacha ski zifanye kazi yao. Kwenye barafu makali yalishika. Katikati, pale alipoangukia, theluji ilikuwa imerundikana, nikaona goti la kushoto likitikisika. Ski ikapanda rundo, ikalipita, ikaendelea kuchora. Nyuma yake wanaume wenye magoti mazima walilazimika kupanua kona zao ili wakae ndani ya alama zake. Mwisho kabisa alikuja Tone, polepole, na ski za Vijo begani.

Renza alimsubiri. Akazipokea, akazishika kifuani, ndipo akalia.

Jioni, Milio, dereva wa mashine ya kusawazisha, alisimamisha mashine chini ya mteremko na kuja mkahawani. Juu kulikuwa na mfereji mmoja tu, mrefu, unaoanza kuganda.

"Mama Renza, naweza kuanza upande wa pili. Ule mstari nikauacha mpaka kesho."

Renza alikuwa akifuta meza. Aliutazama mteremko kupitia dirisha, mpaka Milio akaanza kuhamisha uzito mguu huu hadi mguu ule.

"Ameshashuka," akasema. "Sawazisha. Kesho asubuhi kuna darasa la watoto."