Daraja Lililosubiri Mgeni

Mimi ni fundi cherehani sokoni Rodi Kopany, kaunti ya Homa Bay. Nyumbani kwangu ni chini ya mteremko, ng'ambo ya kijito ambacho wakati wa kiangazi mtoto hukiruka, na mvua ikinyesha juu milimani hubeba hata ng'ombe. Tulizoea kusaidiana huko kwetu. Mtu akifiwa, tulipeleka kuni na maji. Upepo ukiezua nyumba, wanaume walipanda juu na wanawake wakapika. Hakuna aliyekuwa na cheo wala fulana yenye maandishi mgongoni.

Kisha wakaja watu kutoka Nairobi. Walisema wanajenga mtandao wa nchi nzima wa watu wanaojitolea, ili vijiji visiwe kila kimoja na shida zake. Nina hasira nao, lakini sitasema uongo: mwanzoni nililipenda wazo hilo. Walituita semina mjini Migori, na huko nikakalishwa karibu na mama mmoja mkulima kutoka Kehancha. Kiswahili chake kilivutwa na Kikuria na changu na Dholuo, ila tulielewana kuliko tulivyomwelewa yule mwalimu wa semina. Wakati wa chai nikamweleza habari za kijito chetu, na jinsi watoto wanavyokosa shule msimu wa mvua.

"Miti tunayo kwetu," akasema. "Mafundi tunao. Sasa mnangoja nani?"

Nikamwandikia namba yangu ya simu.

Watu wa Kehancha walikuja kweli. Jirani yake mwenye lori la kubeba ng'ombe alileta magogo ya mikaratusi, na juu ya magogo wamekaa wanaume kwa wanawake na nyundo zao. Walilala majumbani mwetu. Mzee mmoja wa kwetu, ambaye sijawahi kumsikia akiwasema Wakuria vizuri, aliwapa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka. Tulipitishiana mawe mkono kwa mkono kutoka ukingoni mpaka katikati ya maji. Niliwapikia samaki wa kisiwa cha Mfangano, na yule mama wa Kehancha akawa anamchambua wake kama mtu anayetegua bomu, anaogopa miiba, watu wanacheka mpaka machozi. Kila asubuhi mjane mmoja jirani yangu, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, alituletea uji. Sote tulimwita Dani, maana yake nyanya kwa Dholuo, hata wale Wakuria wakazoea kumwita hivyo.

Daraja likaisha. Nguzo za mawe, magogo manene, mbao juu na kamba ya kushikilia pande zote mbili. Wageni wetu wakarudi kwao kuwahi palizi.

Baada ya siku chache akaja mratibu wa mtandao, kijana mtanashati wa miwani myeusi. Akapiga picha kila upande. Kisha akasema, "Kazi safi sana. Lakini msilitumie kwanza. Mgeni rasmi atakuja kulizindua."

"Atakuja lini?" nikamuuliza.

"Hivi karibuni, mama. Ng'ombe wakilikanyaga sasa litachafuka, na wafadhili wanataka kuona kitu kipya."

Mwenyekiti wetu wa kijiji alikuwa ameshaahidiwa kuwa mwakilishi wa mtandao kaunti nzima. Akaitikia kwa kichwa kabla hatujasema lolote. Wakafunga utepe, wakaweka na matawi ya miiba pande zote mbili.

"Mwenyekiti," nikasema, "mgeni anaweza kuahirisha. Mvua haiahirishi."

"Wewe nawe una haraka," akanijibu. "Tumeishi bila daraja miaka yote. Wiki moja itatuua?"

Wiki ikapita. Mgeni alikuwa nje ya nchi. Akarudi, akawa na mkutano Mombasa. Mvua ikaanza. Watoto walisimama kando ya daraja jipya, wakakunja sare zao, wakaingia majini.

Asubuhi moja nilikuwa ndiyo kwanza natoa kifuniko cha cherehani yangu ya nyumbani niliposikia yowe kutoka mtoni. Nikakimbia na wengine. Dani alikuwa amelazwa ukingoni, upande wa nyumbani kwetu, kanga imemganda mwilini. Maji yalikuwa yamemwangusha na kumpigiza kwenye miamba, mchungaji mmoja akamvuta kwa fimbo yake. Mguu ulikuwa umelala vibaya kuanzia nyongani. Omena zake zilikuwa zinaelea na kuzunguka pale maji yanapojikunja.

Nikapiga magoti. "Dani, kwa nini hukupita darajani?"

Meno yalikuwa yanamgongana kwa baridi. "Nyathina," akasema, yaani mwanangu, "si walisema bado si letu?"

Nimewahi kukasirika maishani. Nimeibiwa, nimetukanwa, nimezika. Lakini kilichonipanda pale kilikuwa kitu kingine. Niliukata ule utepe kwa meno. Nikang'oa yale matawi, miiba ikanichana, nikayatupa majini moja baada ya jingine. Wanaume walikwenda kung'oa mlango wa nyumba ya karibu. Tukamlaza Dani juu yake, tukamvusha. Hivyo ndivyo daraja letu lilivyozinduliwa. Mtu wa kwanza kulivuka alivuka akiwa amebebwa juu ya mlango, akilia.

Tulimfikisha hospitali Homa Bay. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya wodi, nguo bado mbichi, simu ikaita. Ni mratibu.

"Mama, nimesikia mmefungua daraja."

"Umesikia na habari ya nyanya aliyevunjika?"

"Pole sana kwa hayo. Lakini sasa umetuweka pabaya. Mgeni amethibitisha tarehe."

Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa mama yangu yu hai na anasoma.

Walikuja hata hivyo. Walisugua mbao kwa sabuni kutoa kinyesi cha ng'ombe. Wakafunga utepe mwingine. Walileta mahema, viti vya plastiki, vipaza sauti na soda. Kutoka Kehancha hawakumwalika hata mtu mmoja. Mgeni rasmi akasimama, akasema mtandao umewaletea wananchi wa Homa Bay daraja, na kwamba hii ndiyo nguvu ya kujitolea.

Nikainuka. Mwenyekiti akanivuta nguo, nikaupiga mkono wake. Nikaenda mpaka mbele, nikachukua kipaza sauti.

"Daraja hili limejengwa na watu wa Kehancha na sisi," nikasema. "Nyinyi mlileta utepe. Na kwa ajili ya utepe huo kuna mwanamke amelala Homa Bay na chuma mguuni."

Sauti ikakatika. Mtu alikuwa amezima mashine. Nikaendelea kwa koo langu mwenyewe, nikaeleza yote, kuanzia magogo mpaka ule mlango. Mgeni alinisikiliza huku akitabasamu, kama mtu anayesubiri mtoto wa wenyewe amalize kulia. Kisha akashika mkasi, akakata, akavuka. Watu wakapiga makofi.

Hayo makofi ndiyo yaliyoniumiza kuliko yote. Wale wa Nairobi sikuwa nikiwategemea. Lakini hawa walikuwa watu niliobeba nao mawe, chupa za soda mkononi, wakipiga makofi na kukwepa macho yangu. Mzee yule aliyetoa kitanda chake ndiye pekee aliyeinuka akaondoka.

Dani alirudi nyumbani. Anatembea kwa kushikilia ukuta, na sokoni haendi tena. Mkwe wake ndiye anayeuza omena siku hizi. Mtandao ulimtumia fulana mpya yenye maandishi mgongoni. Aliitazama, akaniuliza kama ingefaa kupangusia meza. Picha ya daraja letu niliiona baadaye kwenye bango mjini Migori, safi, bila mtu juu yake. Mimi niliondolewa kwenye kundi lao la simu, na mwenyekiti akapata cheo chake.

Halafu yule mama wa Kehancha akapiga simu. Upepo ulikuwa umeezua madarasa ya shule yao. Hakuomba, alieleza tu, kama nilivyomweleza mimi wakati ule wa chai. Nikazunguka kijijini nyumba kwa nyumba. Baadhi ya wale waliopiga makofi walitoka, vichwa chini, na misumeno yao. Sikuwakataza, wala sikuwachekea.

Tulipofika, yule mama aliniangalia usoni.

"Bado una hasira?"

"Bado."

"Haya, panda juu. Mabati yanangoja."

Nilipanda. Nilipigilia misumari mpaka kiganja kikatoa malengelenge. Jioni walitupa ugali wa muhogo na nyama, tukala tukiwa tumekaa juu ya mbao zilizobaki, Wajaluo na Wakuria tukigombania mchuzi. Nilishiba, nikacheka na wenzangu, na hasira yangu ilikuwa palepale.