Kikohozi cha Marehemu Dada Yangu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, anayeitia pumzi kifuani na kuichukua apendapo, ambaye ameniacha mpaka leo na kifua chepesi na akili ya kukumbuka. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Sasa, mwanangu, kaa vizuri unisikilize. Ninalokusimulia lilinipata mimi mwenyewe, hapahapa Mkunya.

Nakumbuka mchana mmoja wa msimu wa korosho. Nilikuwa nimeinama chini ya mikorosho yetu, naokota, harufu ya mabibo yaliyochacha imejaa puani, nikasikia dada yangu Fatuma anakohoa nyuma yangu. Kikohozi kikavu, mara tatu, halafu kumeza mate. Nilikijua kama ninavyoijua sauti yangu. Fatuma alikuwa na siku zaidi ya sabini kaburini.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu. Majani makavu yametulia, jua liko utosini, hata ndege hawalii. Nikainama tena, kikaja tena, mara tatu na kumeza mate. Safari hii nilihisi koo langu linatikisika. Nikaelewa kwamba anayekohoa ni mimi.

Nilikuwa na miaka thelathini na nane. Wewe utasema huo si ujana, lakini ngoja ufike nilipo ndipo uniambie.

Nikueleze kwanza Fatuma alikuwa nani. Tulizaliwa wawili tu, yeye mkubwa. Baba alitusomesha Kurani sote, ila sauti alipewa yeye. Aliolewa Masasi, upande wa Mkomaindo, na mumewe alipofariki akarudi nyumbani kumtunza mama yetu, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kabisa. Alirudi na binti yake mmoja, Somoe, aliyekuwa ameshavunja ungo, na akarudi na presha. Kila mwezi alipanda basi kwenda kliniki yake ileile ya Masasi kuchukua vidonge.

Miezi michache baada ya kubadilishiwa dawa akaanza kukohoa. Tulisema ni unga wa salfa, maana ulikuwa wakati wa kupulizia mikorosho na kila mtu alikuwa anapiga chafya. Kikohozi kile kilimwaibisha. Alikuwa ndiye msomaji wa wanawake kwenye maulidi, na katikati ya kisomo kinamkamata, mara tatu, anameza mate, wenzake wanatazama chini. Halafu siku moja kikaacha. Akasoma kwa sauti yake ya zamani mpaka watu wakalia. Sote tulimshukuru Mungu. Mwezi wa pili tangu kikohozi kiache, Fatuma alianguka akitawadha kwa sala ya adhuhuri. Mdomo ukaenda upande. Hakusema tena, na siku ya tatu tukamzika.

Baada ya arobaini tuligawa vitu vyake kama ilivyo desturi. Mimi nilipata kanga mbili, tasbihi, na mfuko mdogo wa kitambaa. Ndani ya mfuko mlikuwa na bahasha za vidonge, tatu, kila moja imefungwa kwa uzi. Fatuma alifunga kila kitu kwa uzi, fundo lake alilivuta upande mmoja hata sukari ukifungua unajua ni yeye.

Na mimi nilikuwa na presha. Nilikuwa nimegundulika mwaka uliotangulia, nikapewa vidonge vyangu Newala, vya njano. Vyake vilikuwa vyeupe. Nilivitazama nikajiambia, ugonjwa mmoja, damu moja, tumbo moja lililotuzaa, kwa nini nimwage dawa nzuri? Israfu ni dhambi. Tena msimu umeanza, siku ya kwenda kliniki ni siku ya korosho kuibiwa chini ya mti. Kwa hiyo nikafungua fundo la kwanza. Nikawa nakunywa changu kimoja asubuhi, na chake kimoja juu yake ili nipone upesi. Nilimwombea dua kila nilipokimeza. Niliona ni sadaka yake kwangu.

Kikohozi kilianza nilipokuwa kwenye bahasha ya pili.

Jirani yetu Mama Chande, mtu wa maneno mengi, alikuwa wa kwanza kusema. Tulikuwa tunapepeta pamoja uani kwake.

"We Mama Salumu," akasema, "umerithi kanga, umerithi na mapafu?"

Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka pia, kicheko kikageuka kikohozi, mara tatu na kumeza mate. Hakuna aliyecheka tena. Mama Chande aliweka ungo wake chini taratibu, akasema, "Astaghfirullah, mimi nilikuwa natania tu," akaingia ndani.

Kesho yake nilikuwa chumbani nakunja nguo, nimejitanda kanga ya Fatuma. Somoe alikuwa nje. Nikakohoa. Nikasikia ndoo inaanguka, maji yanamwagika, na sauti yake nje ya dirisha, ndogo kama ya mtoto wa miaka mitatu:

"Mama?"

Mwanangu, mpaka leo sijapata jina la kile nilichokisikia moyoni. Niliziba mdomo kwa kanga ileile mpaka akaondoka.

Maneno yakaenea. Wakasema Fatuma hakuondoka vizuri, amekuja kukaa kwa mdogo wake. Wapo walionishauri niende kwa mganga bondeni, amtoe. Nilikataa, maana baba alitufundisha kwamba maiti hana njia ya kurudi. Lakini kujua jambo chuoni ni kitu kimoja, na kulisikia likitoka kifuani mwako ni kingine. Nilisoma kila nilichokijua. Na bado, kila nikiinuka kutoka kuokota, dunia ilikuwa inazimika. Weusi unaanzia pembeni za macho unakuja katikati, masikio yanavuma, na kabla mwanga haujarudi namwona mwanamke amesimama mikoroshoni, kimya. Siku moja niliamka nimelala chali, kisiki kiko kiganja kimoja kutoka kichwani pangu. Sikumwambia mtu. Niliamini Fatuma ananiita, na nikaanza kuandaa moyo wangu kwenda.

Jioni moja, jua bado halijazama, nilirudi kutoka shambani nikapitia nyuma ya nyumba. Mama yetu alikuwa jamvini anamenya ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi yetu ya porini, anaipapasa mmoja mmoja kwa vidole. Nikakohoa. Vidole vyake vikasimama. Akainua uso, akautegesha upande wangu.

"Fatu," akasema. "Umechelewa wapi muda wote huo?"

"Mama, shikamoo. Ni mimi, Zena."

"Zena anakohoa mara moja, kwa nguvu, kama mwanamume. Huyu ni Fatu."

"Mama, ni mimi, haki ya Mungu."

Akaweka mng'oko wake chini. "Njoo hapa."

Nikapiga magoti mbele yake. Akanipapasa kichwa, paji la uso, kovu langu la kidevuni, akahema. Kisha mkono ukashuka mpaka kwenye kanga, akausugua upindo wake katikati ya vidole viwili.

"Kanga naijua. Kanga hurithiwa," akasema. "Kikohozi sijasikia kikirithiwa tangu nizaliwe. Umekula nini cha mwenzio?"

"Sijala kitu, Mama."

"Zena. Sioni, lakini si mjinga. Watu wananiletea habari za majini hapa jamvini, mimi nawasikiliza tu. Umekula nini?"

Nikamweleza habari za mfuko. Nilipomaliza, ming'oko ilikuwa imepoa na mama alikuwa analia bila sauti, machozi yanatoka kwenye yale macho yasiyoona.

"Kikohozi cha Fatu kilianza na dawa zile nyeupe," akasema. "Nikamwambia, kawaeleze kliniki. Akanijibu, Mama, watu wananisaidia, nitawaambiaje kuwa dawa yao inanikohoza? Mimi nimezaa mabinti wawili. Mmoja nimemzika. Na wewe nikuzike kwa mfuko uleule? Kesho shambani huendi. Unakwenda kwa daktari, na Somoe anakushika mkono."

"Mama, korosho zimeshaanguka, zita—"

"Ziote. Ziibiwe. Zichomwe moto. Umenisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Asubuhi tulikuwa Newala. Daktari alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na sauti ya chini. Alinipima nikiwa nimekaa, akaniambia nisimame, akapima tena palepale. Nikaona weusi ule unakuja, Somoe akanidaka.

"Mama, ukisimama presha yako inaporomoka," daktari akasema. "Vidonge hivi vya njano peke yavyo visingekufanya hivi. Unakunywa nini kingine?"

Nikaweka mfuko wa Fatuma mezani. Akazitoa bahasha tatu, akasoma maandishi juu yake, akaniuliza huyu aliyeandikwa hapa ni nani na yuko wapi. Nikamwambia.

"Hizi ni dawa za presha, lakini ni za aina nyingine," akasema. "Zinawasaidia wengi. Ila wapo zinaowaletea kikohozi kikavu, na ninyi ni ndugu, huenda miili yenu inafanana. Na wewe umezijumlisha na zako, presha ikashuka kuliko inavyotakiwa. Kikohozi chako ni cha hivi vidonge, mama yangu. Tukiviacha kitakwisha, kwa wiki chache."

Nilihisi kama mtu ameniondolea jiwe kifuani. Nilikuwa karibu kucheka. Lakini yeye hakuwa anacheka. Alikuwa anazitazama zile bahasha, moja baada ya nyingine.

"Hizi ni za miezi mitatu," akasema. "Ulizikuta zimefunguliwa?"

"Hapana, daktari. Zilikuwa na uzi. Mafundo yake niliyafungua mimi mwenyewe."

Sikujua nimesema nini mpaka nilipousikia mkono wa Somoe unaganda ndani ya wangu.

"Kwa hiyo mama hakuzinywa," Somoe akasema.

Nje mtu alikuwa anaita majina ya wagonjwa. Basi ndiyo hiyo, mwanangu. Kikohozi kilipoacha, sisi tukimshukuru Mungu, kumbe Fatuma alikuwa ameacha dawa. Alikuwa anakwenda Masasi, anachukua, anasema ahsante, anarudi nyumbani anafunga kwa uzi. Alitaka sauti yake. Na presha, ambayo haiumi wala haipigi hodi, ilikuwa inapanda kila siku anaposoma vizuri. Lile fundo lililovutwa upande mmoja lilikuwa linanieleza hayo yote, na mimi nililifungua nikameza.

"Angesema tu," daktari akasema taratibu. "Zipo dawa nyingine zisizoleta kikohozi. Angebadilishiwa siku ileile."

Bahasha zile zilibaki kwake. Mimi nilipewa maelekezo ya kuendelea na dawa yangu peke yake na siku ya kurudi kupimwa. Weusi ule wa machoni uliondoka ndani ya siku chache, na yule mwanamke wa mikoroshoni sikumwona tena. Kikohozi kilichelewa. Nikawa kila asubuhi nakwenda jamvini kwa mama, namwamkia, ananiambia, "Marahaba. Haya, kohoa nikusikie." Nakohoa. Anatikisa kichwa: "Bado yupo." Wiki ya nne nikakohoa, mara moja, kwa nguvu. Akatabasamu. "Huyo ni Zena," akasema. Kisha akageuza uso ukutani akamlilia Fatuma, kwa sababu siku hiyo ndipo alipoondoka masikioni mwake.

Sasa nakuusia, nawe uwausie wenzako. Dawa ya presha aliyoandikiwa mtu ni ya mtu huyo. Hata kama ni ndugu yako wa tumbo moja, hata kama mnaumwa ugonjwa mmoja, usiimeze. Aliyefariki akiacha vidonge, vipelekwe zahanati, visigawiwe pamoja na nguo. Yako inywe kila siku kama ulivyoelekezwa, wakati uleule. Mimi naweka yangu karibu na mkeka wa kusalia ili nisisahau. Ukisahau siku moja, usimeze viwili kufidia. Kujisikia vizuri kusikudanganye ukaacha, maana huenda ni dawa ndiyo inayokufanya ujisikie vizuri. Na ikikuletea kikohozi, kizunguzungu, miguu kuvimba au lolote usilolielewa, rudi ukaseme. Midomo au uso ukivimba ghafla, usingoje hata kesho. Useme na mitishamba unayokunywa, na dawa za maumivu ulizonunua dukani. Binti zangu, mkishika mimba semeni mapema, kwani baadhi ya dawa hizi hazimfai mtoto aliye tumboni. Na kabla ya Ramadhani nendeni mkaulize namna ya kuzinywa mkifunga, wala msijiamulie. Ukitoka kuinama, inuka polepole. Usione haya mbele ya daktari. Haya ni kitu kizuri mahali pake, lakini ndiyo iliyomfunga dada yangu mdomo kabla ya kiharusi kumfunga.

Somoe ana wajukuu sasa, na anasoma maulidi kwa sauti ya mama yake. Nikimsikiliza nafumba macho, na siogopi.

Mwenyezi Mungu amrehemu Fatuma na mama yetu, awape nuru makaburini. Na wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, akupe afya utakayoishukuru, ulimi wa kusema linalokuuma, na mtu atakayekijua kikohozi chako hata bila kukuona. Amina.