Papa amemjibu mgombea wa Amerika

Bon, leo papa yangu amemwomba mwanasiasa wa Amerika mchango wa harusi.

Dada yangu anaishi Ohio. Tangu aende, wazazi wangu hapa Laeken, Ubelgiji, wamegawana vyama vya kule kana kwamba nao wanapiga kura. Siku hizi hata habari za jioni kila mmoja anaangalia kwenye simu yake!

Papa alijiandikisha kwenye tovuti ya mgombea wake. Sasa anaandikiwa kila siku: "Rafiki, bila wewe tutashindwa. Toa chochote leo."

Mchana kaniita nimtafsirie jibu.

"Papa, ile ni kompyuta. Inaandikia watu wote."

"Muntu akikuomba, unamujibu. Tulikulea namna gani?"

Basi nikaandika. Kamsalimia, kauliza hali ya mke na watoto. Kaeleza kwamba sasa hana kitu, dada anaolewa. Halafu, kwa kuwa wao ni marafiki, naye atoe chochote. Matajiri wote wale wanaomzunguka, atakosaje?

Maman, huko jikoni, akacheka mpaka akakaa chini.

Kisha akaleta simu yake. Mgombea wa chama chake naye: "Rafiki, bila wewe tutashindwa." Maneno yale yale!

Papa akasoma. Akauliza polepole:

"Na wewe, ulimujibu?"

"Juzi. Nilimualika kwa harusi. Ananyamaza tu."

Jioni hii wako kwenye kochi moja, simu moja, wanawasema wagombea wote wawili.

Alors, nisaidieni: wakija kweli, tuwakalishe meza moja?