Nani Atamshika Mtoto

Mtoto alikuwa na miaka kama miwili. Alikuwa amemeza nati ya baiskeli. Udenda ulikuwa umemlowesha kifua chote, na kila akivuta pumzi koo lilikoroma. Mama yake alimbeba, na nyuma yao akaja mama mkwe wake, bibi wa Kisukuma, mfugaji wa upande wa Kibaoni, sauti juu.

Kwenye chumba chetu cha eksirei hapa Mpanda, mtoto wa umri huo lazima ashikwe, la sivyo picha haisomeki. Sisi wahudumu haturuhusiwi kushika. Ndugu wa mgonjwa anapata mionzi mara moja, sisi tunashinda nayo. Nikachukua koti zito la madini ya risasi nimvalishe mama, nikamuuliza ninachomuuliza kila mwanamke kabla ya kushika.

"Una ujauzito?"

Bibi akamjibia. "Ujauzito wa nani? Mume wake yuko na ng'ombe tangu masika! Piga picha, mtoto anakufa."

Yule mama akatazama sakafu. Nikamvuta kwenye kichumba cha kubadilishia nguo, nikafunga mlango.

"Sijaona siku zangu," akanong'ona. "Dada, nakuomba, asijue."

Nje mtoto alikohoa, kisha akanyamaza. Niliwaza nimshike mwenyewe yaishe, lakini nani angebonyeza mashine? Nikatoka mbio, nikamvalisha bibi lile koti.

"Kwa nini mimi? Mama yake yupo."

"Anatetemeka, bibi. Wewe una nguvu. Shika!"

Akambana mjukuu wake kama anabana ndama wa kuchomwa sindano. Nikakimbilia nyuma ya ukuta, nikabonyeza. Nati ilionekana wazi, imekwama kooni. Wauguzi wakamkimbiza chumba cha upasuaji, ikatolewa salama.

Jioni bibi akaja mlangoni kwangu, peke yake.

"Mwanangu, lile swali unawauliza wote?"

"Wanawake wote."

"Na akisema hana, anashika?"

Nikageuka kulitundika lile koti. Nilijua nikikaa kimya nimeshamwambia. Akajifunga kitenge upya, akaondoka kuelekea wodini.

Nikamfuata. Nilichungulia mlangoni. Mkwewe alikuwa amelala sakafuni kwenye mkeka, kando ya kitanda cha mtoto. Bibi alisimama karibu yake, akamtazama. Kisha akavua kitenge chake cha juu, akamfunika, akakaa.

Kama baadaye waliongea, sikuambiwa.