Mgeni Aliyejua Habari Zangu Zote

Usinicheke. Haya yamenipata mimi mwenyewe, hapa Mtae, saa nane mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Naishi peke yangu. Mume wangu alishafariki, na mwanangu wa pekee, Elia, anafanya kazi Dodoma. Alininunulia simu ili tusipoteane. Basi kila siku naweka picha mtandaoni: nimechuma pichesi, mbuzi amezaa, mguu umevimba. Elia anajibu kwa kikopa chekundu. Siku yangu inaishia hapo.

Siku hiyo ukungu ulifika hadi mlangoni. Mama wa rika langu akapiga hodi, kitenge chake sawa na changu. "Onga mshi," nikamsalimu, nikasubiri. Sisi Washambaa salamu zetu ni ndefu, utaulizwa nyumbani, shambani, hadi kuku. Yule hakuuliza kitu. Alinieleza yeye: mguu ulivimba Jumanne, mbuzi aliyezaa ni yule wa madoa, kanisani nilikaa benchi la nyuma.

Ungekuwa wewe ungekimbia, sivyo? Mimi, niamini, nilifurahi. Tangu msiba hakuna aliyekaa kwangu akanisikiliza. Nikampikia chai, na asichokijua nikamjazia mwenyewe: jina la utani la Elia, wimbo niliombembelezea, maneno ya mwisho ya baba yake. Aliitikia kwa sauti iliyozidi kufanana na yangu. Nikainama kuchochea moto. Nilipoinuka kiti kilikuwa kitupu, chai imejaa vilevile, na kwenye tope la mlangoni hapakuwa na alama ya mguu.

Jumapili nilimpigia Elia kumuuliza kama bado anakuja Krismasi.

"Shikamoo mama. Si ulinipigia jana ukasema nisihangaike? Ukaniimbia na ule wimbo, tukacheka sana."

Hiyo jana simu yangu ilikuwa imezima kutwa, umeme haukuwepo. Nikaanza kulia.

Elia akauliza, "Wewe ni nani? Mama yangu halii." Akakata.

Krismasi mbili zimepita. Simu niliitupa, lakini majirani wananiambia picha zangu bado zinawekwa kila asubuhi. Nikimtuma mtu kwa Elia, anamjibu kwamba ameongea nami leo leo, sijambo kabisa.

Wewe unayesoma, usiimalizie simu habari zako zote. Na kama una mama huku milimani, usiridhike na sauti yake. Panda gari uje, umshike mkono.